Nundu Ambazo Kobe Hakuzaliwa Nazo

Ingia YouTube utafute kobe mkubwa wa Afrika anayefugwa Marekani au Uingereza. Utampata bila shida: anavuka sebule ya mtu polepole, anakatiwa tikiti maji, watoto wanacheka. Sasa angalia mgongo wake. Mara nyingi hutaona kuba laini kama sufuria iliyogeuzwa. Utaona vilima. Kila kipande cha gamba kimeinuka kivyake, vitano katikati na vinne kila upande, jumla 13, kama piramidi ndogo zilizopangwa mgongoni.

Wengi wetu tukiona hivyo tunasema, sawa, ndivyo alivyo. Mnyama wa jangwani, sura ya jangwani. Lakini kobe wa aina hiyo hiyo akikulia porini, kule Senegali, Mali au Chadi, mgongo wake huwa laini. Zile nundu amezipata nyumbani kwa watu.

Kuna aina chache, kama kobe wa nyota wa India, ambazo huwa na nundu hata porini. Hao tuwaache pembeni. Wengine karibu wote wakiwa na nundu kubwa, ujue kuna kitu kilienda mrama walipokuwa wadogo. Nimekaa miezi kadhaa nikisoma jinsi watu walivyojaribu kueleza kitu hicho, na kilichonishika zaidi ni muda uliopotea. Kwa miaka na mikaka wafugaji walishikilia maelezo yasiyotosha, huku kobe wakiendelea kuharibika mbele ya macho yao. Na hawakuwa watu katili. Walikuwa watu waliowapenda kobe wao, wakawasomea vitabu na kuwanunulia taa za bei.

Kwanza tuondoe katuni kichwani. Kwa katuni, kobe huvua gamba kama jaketi, akabaki na nguo ya ndani. Kwa kweli uti wake wa mgongo na mbavu zake zimeungana na gamba. Kumtoa humo ni kama kumtoa mtu ndani ya kifua chake mwenyewe. Mapafu yako chini tu ya lile kuba. Juu ya mfupa kuna vigae vya keratini, kitu kile kile kilichounda kucha zako. Ukiligusa gamba, mwenyewe anahisi.

Kobe akitoka kwenye yai, vigae vyote viko tayari. Haongezi idadi. Anachofanya ni kukiongezea kila kigae ukingo mpya kuzunguka pande zake. Kwa hivyo katikati ya kila kigae cha kobe mtu mzima, kama hakijasagika kwa umri, bado kuna kile kigae kidogo alichotoka nacho kwenye yai. Ukingo mpya ukienda nje, sambamba na ule wa kwanza, mgongo unabaki laini. Ukingo mpya ukielekea chini, ule wa zamani unaachwa juu. Msimu unaofuata inakuwa hivyo tena, na tena. Nundu haivimbi kama jipu. Inajengwa ngazi kwa ngazi. Na ngazi iliyokwisha kujengwa haibomoki. Hakuna dawa ya kuilainisha.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa kobe, malezi yanabaki yakionekana mgongoni maisha yote.

Watu wamekuwa wakisoma gamba hili tangu zamani. Kwenye riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, Things Fall Apart, mama anamsimulia bintiye jinsi kobe mlafi alivyoanguka kutoka angani, gamba likavunjika, na mganga akaviokota vipande na kuviunganisha. Hadithi za namna hiyo zinaeleza sura kwa kisa: gamba liko vile kwa sababu kuna jambo lililompata mwenye gamba.

Wanasayansi wa karne ya 19 walilisoma kwa njia nyingine. Charles Darwin alipofika visiwa vya Galápagos mwaka 1835, kaimu gavana aliyeitwa Nicholas Lawson alimwambia kwamba akimwona kobe, anaweza kusema ametoka kisiwa kipi. Darwin hakulitia maanani hilo papo hapo, lakini baadaye likawa sehemu ya fikra zake kuhusu jinsi viumbe wanavyobadilika. Kwa Lawson, gamba lilikuwa kama kitambulisho: linaonyesha kwenu ni wapi.

Usomaji wa kwanza unauliza kobe alipatwa na nini. Wa pili unauliza yeye ni nani. Shida ya nundu ni kwamba watu waliona jambo lililompata kobe, wakadhani wanaona yeye ni nani.

Kobe mashuhuri kuliko wote katika fasihi ya Uingereza pengine ni Timothy. Aliishi kwenye bustani ya kasisi mmoja mpenda maumbile, Gilbert White, katika kijiji cha Selborne. White alimrithi mwaka 1780 kutoka kwa shangazi yake, Rebecca Snooke, ambaye alikuwa amekaa naye karibu miaka 40. White alimchunguza kama mtoto wake. Alimpima uzito. Alimpigia kelele kwa tarumbeta ya kuongelea aone kama atashtuka, na Timothy hakujali. Aliandika siku alizojifukia ardhini kukwepa baridi na siku alizotoka. Kitabu cha White, The Natural History of Selborne, kilitoka mwaka 1789. Timothy alikufa muda mfupi baada ya bwana wake, na gamba lake limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya maumbile London. Gamba hilo ndilo lililofichua kwamba Timothy, miaka yote hiyo, alikuwa jike.

Ninamtaja kwa sababu moja. Timothy alitoka nchi za Mediterania akiwa tayari amekua. Mgongo wake ulijengwa porini, na bustani ya Selborne ilikuta kazi imeshaisha. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kobe wengi wa Ulaya kwa karibu miaka 200 iliyofuata. Katika karne ya 20, kobe wa Moroko, na baadaye wa Uturuki na Yugoslavia, waliuzwa Uingereza kwa maelfu kwa maelfu, bei ya kitu cha kuchezea mtoto. Walisafirishwa wamebanwa kwenye makasha. Wengi walikufa njiani, na waliofika wengi hawakuvuka baridi ya kwanza. Kipindi cha watoto cha BBC, Blue Peter, kilikuwa na kobe wake kuanzia mwaka 1963. Walimwita Fred hadi ikagunduliwa kuwa ni jike, akawa Freda. Waingereza na jinsia ya kobe, aki, hawakuelewana.

Biashara hiyo ilikuwa mbaya, hilo halina mjadala. Lakini kobe wale walikufa na migongo laini. Walikuwa wamekulia kwenye nyasi na mvua za kwao.

Mwaka 1984 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilipiga marufuku uingizaji wa kibiashara wa kobe hao wa Mediterania. Ilikuwa hatua nzuri. Ninavyosoma mimi historia hii, ndiyo pia iliyobadilisha swali. Kama huwezi kununua kobe mzima kutoka porini, utamnunua mtoto aliyeanguliwa nyumbani kwa mfugaji. Kobe wa ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda, ambaye mgongo wake wote bado haujajengwa. Marekani nayo ilikuwa imeanza kuzalisha kobe wa Afrika, hasa yule mkubwa wa Saheli ambaye wafugaji humwita sulkata, kwa jina la kisayansi Centrochelys sulcata. Ndiye mkubwa wa tatu duniani, nyuma ya wale wa Galápagos na Aldabra. Jike hutaga mayai mengi, na hutaga zaidi ya mara moja kwa mwaka. Watoto wa sulkata wakajaa madukani.

Sasa mjenzi wa gamba alikuwa mtu na sebule yake.

Mtu huyo alifikiri hivi: huyu ni mnyama wa ukingo wa Sahara. Sahara ni kavu. Kwa hivyo nimweke mahali pakavu. Akanunua tangi la kioo, akatandika nyasi kavu au mchanga, akaning'iniza taa ya joto juu yake, akaweka kisahani cha maji, au hata hicho akakiondoa ili unyevu usilete magonjwa. Vitabu vingi vya ufugaji vya wakati huo vilimuunga mkono. Na nyumba za nchi za baridi zina hita zinazokausha hewa miezi mingi ya mwaka. Mtoto wa kobe akakaa mle, chini ya taa, akikua haraka kwa sababu chakula kilikuwa tele.

Nundu zilipoanza kutokea, lawama iliangukia chakula. Waliokuwa wakiwalisha kobe chakula cha mbwa na maharagwe waliambiwa ni protini. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Sulkata wa kufugwa kweli hukua haraka sana kuliko wa porini, na kobe hawa kiasili ni wala nyasi. Nyama na chakula cha mbwa si vyao. Mtu akiona mtoto wa kobe amevimba uzito na mgongo una vilima, ni rahisi kuunganisha hayo mawili. Wengine wakasema ni upungufu wa kalsiamu, au wa mwanga wa jua. Kobe anayekosa kalsiamu na vitamini D huugua kweli mifupa: gamba lake linakuwa laini, linabonyea, miguu inalegea. Lakini ugonjwa huo ni mwingine, ingawa mara nyingi kobe mmoja huwa na yote mawili.

Basi wafugaji wenye bidii wakarekebisha. Wakakata protini. Wakaweka unga wa kalsiamu. Wakafunga taa za urujuanimno. Wakalisha nyasi tupu. Na nundu zikaendelea kupanda. Fikiria hali hiyo: umefuata kila kitu, kila asubuhi unamwinua mnyama wako mdogo na kuona vile vilima vimeongezeka kidogo, na jirani anakuuliza unamlisha nini.

Kulikuwa na wafugaji walioanza kuona jambo lingine. Walioishi sehemu zenye unyevu, au walioweka kobe wao nje kwenye mvua, walikuwa wakipata migongo laini kwa chakula kile kile. Lakini ushuhuda wa mtu mmoja mmoja haushindi kitabu kwa urahisi.

Mwaka 2003, jarida moja la fiziolojia na lishe ya wanyama lilichapisha utafiti wa C. S. Wiesner na C. Iben kutoka chuo kikuu cha tiba ya mifugo cha Vienna, Austria. Walichukua watoto 50 wa sulkata waliotoka tu kwenye mayai, wakawagawa makundi matano, na kuwalea zaidi ya miezi mitano. Makundi yalitofautiana kwa vitu viwili: kiasi cha protini kwenye chakula, na unyevu wa hewa. Makundi ya mahali pakavu yaliishi kwenye unyevu wa kati ya asilimia 24 na 58, na mengine kati ya 31 na 75. Ya mahali penye unyevu yaliishi kati ya asilimia 45 na 99.

Walioishi pakavu walipata nundu ndefu zaidi. Protini ilikuwa na athari, lakini ndogo. Watafiti walipima pia damu ya kobe wote, wakitafuta jibu kwenye kalsiamu, fosforasi na uwiano wake. Hawakulipata huko. Jibu lilikuwa hewani.

Maelezo yanayotolewa ni rahisi kuyaelewa ukiwahi kuona kucha ikikauka. Keratini yenye unyevu hunyumbulika. Iliyokauka huwa ngumu. Kwenye mshono kati ya vigae ndipo ukingo mpya unapozaliwa. Vigae vya zamani vikikauka na kukakamaa, huubana ukingo mpya, nao ukikosa nafasi ya kwenda nje huelekea chini. Na mfupa mchanga ulio chini bado ni laini, unafuata. Samaki mkunje angali mbichi, lakini hapa anayekunja ni hewa ya chumba, na hakuna aliyeiona ikifanya kazi.

Lakini hebu turudi Saheli. Si ni kukavu kule? Mbona wa kule hawana nundu?

Jibu ni kwamba kobe haishi pale kipimajoto cha mtalii kinapopima. Sulkata ni mchimbaji. Anachimba mashimo ya mita kadhaa, na humo ndani, wakati wa jua kali, kuna ubaridi na unyevu ambao juu haupo. Watoto huanguliwa karibu na wakati mvua zinapoanza, nyasi zinapochipua. Miezi wanayokua kwa kasi ndiyo miezi ya matope. Kiangazi kikija wanajificha, hawali sana, hawakui sana. Mfugaji wa London au Chicago alisoma neno jangwa kwenye ramani, akalijenga ndani ya tangi la kioo: mchana wa kiangazi usioisha, chakula cha masika kila siku. Sahara ya namna hiyo haipo duniani. Aliitengeneza yeye.

Hili ndilo linaloniuma kidogo nikiwa msomaji wa Kiafrika. Watu wa Saheli wameishi na kobe hawa tangu jadi. Mahali kama Noflaye, Senegali, kuna kituo kizima cha kuwalinda na kuwazalisha. Migongo laini ilikuwa inatembea uani kwa watu, ikionekana na kila mpita njia. Lakini picha ya sulkata inayozunguka dunia leo, hadi kwa simu yangu hapa Nairobi, ni ya yule wa sebuleni. Mnyama wetu anaturudia akiwa na ulemavu, na sisi tunauchukua kuwa sura yake.

Kama unadhani kosa hilo ni la watazamaji wa video tu, sikiliza la Shelisheli.

Visiwa vya mawe vya Shelisheli viliwahi kuwa na kobe wao wakubwa. Mabaharia na walowezi waliwamaliza. Kobe wa kisiwa cha mbali cha Aldabra walisalia, na mwaka 1874 Darwin na wanasayansi wenzake walimwandikia gavana wa Mauritius wakiomba hao walindwe. Kobe wengi wa Aldabra wakahamishiwa visiwa vingine, wakawa wanafugwa kwenye nyua na, baadaye, kwenye hoteli. Miaka ya 1990 watafiti waliona baadhi ya kobe hao wa hotelini na nyumbani wana magamba ya ajabu: mengine bapa, mengine yamepanuka ukingoni, yasiyofanana na ya Aldabra. Wakatoa hoja kwamba hawa ni mabaki ya wale waliodhaniwa wametoweka. Habari njema kweli. Mradi wa kuwazalisha ukaanzishwa.

Kisha mwaka 2003, mwaka ule ule wa utafiti wa Vienna, uchambuzi wa vinasaba ulichapishwa. Haukuona tofauti za kuwatenga kobe hao na wale wa Aldabra. Waandishi wake walisema sura zile zisizo za kawaida huenda zinatokana na hali waliyofugwa ndani yake. Yaani watu waliobobea, wenye vipimo na majedwali, walikuwa wametazama alama za kufugwa wakaona spishi iliyofufuka. Walisoma gamba kama Lawson wa Galápagos: kitambulisho. Kumbe ilikuwa ile hadithi ya kuanguka kutoka angani. Kuna jambo lililompata mwenye gamba.

Kobe hao wa Aldabra wana ujamaa na pwani yetu. Kisiwa cha Changuu, Zanzibar, kilipewa wanne kutoka Shelisheli mwaka 1919, na uzao wao ndio watalii wanaoenda kupiga nao picha leo. Na kobe maarufu kuliko wote Kenya, yule Mzee wa Haller Park, Bamburi, aliyejishikiziwa na mtoto wa kiboko Owen baada ya tsunami ya Desemba 2004, naye ni wa Aldabra. Vitabu vya watoto viliandikwa kuwahusu. Kizazi changu kilimjua Mzee kabla ya kujua kobe wa nyumbani kwetu.

Na wa nyumbani tunao. Kobe wa madoadoa, yule wa manjano na nyeusi, anapatikana sehemu nyingi za nchi, hadi kando ya Nairobi. Kobe bapa wa kwenye miamba, Malacochersus tornieri, mwenye gamba jembamba la kupenya kwenye nyufa, yuko Kenya na Tanzania. Alikamatwa sana kwa biashara ya wanyama wa kufugwa nje, hadi mwaka 2019 mkataba wa CITES, kwa pendekezo la Kenya na Marekani, ukampa ulinzi wa juu kabisa.

Nilipokuwa mtoto, ploti moja mtaani kwetu ilikuwa na kobe wa madoadoa. Hakuna aliyemnunua, alikuwepo tu, kama mti wa mpera. Alikula magugu, maua ya hibiskasi yaliyoanguka, na maganda ya mboga ya mama mboga. Mvua ya Aprili ilimnyeshea. Alikaa kwenye dimbwi kando ya bomba la maji saa nzima, na tulidhani amelala. Mgongo wake ulikuwa laini kama kikombe. Hakuna mtu pale aliyejua neno unyevu wa hewa, na hakuna aliyehitaji kulijua, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemfungia ndani.

Ploti zile sasa ni fleti. Na vijana wenzangu wanataka kobe wa kuweka ghorofa ya nne, kwenye kaboksi, na taa. Kabla ya mengine yote: sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumfuga mnyama wa porini bila kibali. Kobe uliyemkuta barabarani ukienda Kajiado si wako. Mvushe upande aliokuwa anaelekea, umwache. Lakini wapo wenye vibali, wapo wanaolea kobe waliookolewa, na wapo ndugu zetu ughaibuni ambao sulkata kwao ni mnyama wa dukani. Kwa hao, historia hii inaacha mafunzo mafupi.

Miaka ya kwanza ndiyo inayojenga mgongo. Mtoto wa sulkata au wa kobe wa madoadoa awekwe mahali penye udongo au nyuzi za maganda ya nazi zinazoshika maji, na ziloweshwe kabla hazijakauka. Awe na kijipango cha kujificha ambacho ndani yake ni kibichi muda wote, kama shimo la kwao. Kama ni kisanduku, kifunikwe juu sehemu kubwa, maana unyevu hupotelea huko. Aogeshwe kila siku kwenye maji ya uvuguvugu yanayofika kidevuni tu, dakika 15 au 20, anywe atakavyo. Taa kali inayochoma mgongo kutoka karibu ndiyo inayokausha vigae kuliko kitu kingine. Heshimu pia joto: unyevu pamoja na baridi huleta ugonjwa wa mapafu, kwa hivyo kama kuna unyevu, na usiku uwe na joto.

Halafu jua. Sisi tunalo bure, lakini likipita kwenye kioo cha dirisha linaacha nje ile miale inayomsaidia kutengeneza vitamini D. Mtoe nje, awe na kivuli cha kukimbilia. Chakula kiwe nyasi na majani ya aina nyingi, na kipande cha mfupa wa ngisi wa kutafuna kwa ajili ya kalsiamu. Chakula cha mbwa ni cha mbwa.

Nundu ndogo ni sura tu, hazimuumizi. Zikiwa kubwa, mfupa wa chini nao umepinda, na juu ya mapafu hilo si jambo dogo. Madume wengine hata kupanda wanashindwa. Na kobe huyu huenda akaishi kuliko aliyemnunua. Vituo vya uokoaji kule Arizona na California vimejaa sulkata waliotupwa baada ya kukua kuliko nyumba zao, na mgongo wa kila mmoja unaonyesha alivyolelewa.

Lakini gamba huandika mazuri pia. Kobe mwenye nundu, hali yake ikibadilishwa angali anakua, huanza kuongeza ukingo laini kuzunguka ule mbovu. Vilima vinabaki katikati ya vigae, na kuvizunguka kunatokea utepe tambarare, mpana kidogo kila mwaka. Ukimwona kobe wa hivyo, weka kidole pale utepe unapoanza. Wakati huo ndipo mtu alipoanza kumwagia maji.